Msanifu na mhandisi wakae ofisi moja

Mhariri,

Maghorofa mengi hapa Tanga huchorwa kwanza na msanifu majengo, kisha michoro ikapelekwa kwa mhandisi wa ofisi nyingine aweke nondo. Balaa huanzia hapo. Bomba la maji taka la inchi 4, kwa mteremko wa 1 kwa 60, hushuka milimita 100 kila mita 6. Likikutana na boriti ambayo msanifu hakuijua, fundi bomba huchukua tindo, akatoboa zege na kukata ringi za nondo. Mwenye nyumba hana habari, plasta imeshafunika.

Wakikaa ofisi moja, tundu hupangwa kabla zege halijamwagwa: katikati ya kimo cha boriti, mbali na nguzo, na nondo za ziada kulizunguka.

Na chumvi ya bahari je? Kule Raskazone, ufukweni, chumvi hupenya zege na kutia nondo kutu, hivyo zege la milimita 25 kufunika nondo ni kidogo mno. Afadhali 40 hadi 50. Nguzo ikinenepa kwa zege hilo la ziada, korido inabanwa, kwa hiyo msanifu ajue mapema.

Wateja, kabla ya kulipa, dai mchoro mmoja unaoonyesha boriti na mabomba pamoja.

Mdau wa ujenzi,
Tanga