Kwa mwanangu, kabla hujapokea majalada ya mauaji

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na swali lako pia: mtu aliyeua kwa kukusudia, tena kwa ukatili, kwa nini asinyongwe? Nakujibu kwa kirefu kwa sababu sasa wewe ni Wakili wa Serikali, na majalada ya mauaji yatakuja mezani kwako.

Uchungu wa waliofiwa siupingi. Mzazi aliyezika mtoto aliyekatwa mapanga akisema muuaji naye afe, sina la kumwambia, na sitaki umhubirie. Ila swali lako limeanzia mbali mno, pale ambapo muuaji tayari anajulikana. Mahakamani kazi yote iko kabla ya hapo.

Chukua tukio la usiku. Majambazi wanavunja mlango, baba wa nyumba anauawa, mke anasema amemtambua mmoja wao. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imetufundisha kwamba utambuzi wa kuona ni ushahidi dhaifu kuliko yote, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Kwa hiyo uliza. Alimwona kwa muda gani? Umbali hatua ngapi? Walikuwa wakijuana? Mwanga ulitoka wapi, na ulikuwa na nguvu kiasi gani? Shahidi akijibu "kulikuwa na taa" bado hajakuambia kitu. Koroboi iliyowekwa sakafuni na taa ya sola iliyoning'inizwa darini haviangazi sawa. Tochi ni mtego mkubwa zaidi: anayeishika ndiye anayeona, anayemulikwa machoni anaona weupe tu. Mashahidi wengi waliomulikwa wamesimama kizimbani wakaapa kwamba walimwona mwenye tochi, na hawakuwa wakidanganya. Waliamini kabisa walichokisema, na hapo ndipo hatari ilipo, maana maswali ya wakili wa utetezi hayamyumbishi mtu anayeamini.

Kisha angalia alimtaja lini. Kesi ya Marwa Wangiti Mwita inasisitiza hili: shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema, kwa jirani wa kwanza aliyefika au kwa mwenyekiti wa kitongoji, anaaminika zaidi. Jina likizuka wiki mbili baadaye, baada ya msiba ambako watu wamekaa usiku kucha wakinong'ona nani alikuwa na ugomvi na marehemu, ujue huenda limetoka kwenye minong'ono hiyo. Kwa hiyo soma maelezo ya kwanza aliyoandika polisi kabla hujasoma kitu kingine chochote jaladani, na utazame tarehe na saa.

Gwaride la utambuzi, ambapo shahidi hutakiwa kumchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari, nalo huharibika kirahisi. Watu wa kupanga mstari wasipungue 8, wafanane na mtuhumiwa kwa umri, urefu na mavazi; yeye achague pa kusimama na aruhusiwe kuhama kila shahidi anapotoka. Shahidi awe ametoa wasifu wa mtu huyo kabla. Kama alimwona amefungwa pingu kwenye benchi la kituo asubuhi ile ile, gwaride halina maana tena. Na kama walikuwa wakijuana tangu zamani, gwaride halikuwa na kazi tangu mwanzo.

Ungamo ndilo litakalokushawishi kuliko yote, kwa sababu watu huuliza: nani akubali kuua kama hakuua? Wapo. Mtu amekaa mahabusu siku tatu, hajui kusoma, ameambiwa akisaini atarudi nyumbani. Sheria imeweka saa 4 za kumhoji tangu awekwe chini ya ulinzi, na muda ukihitajika zaidi uombwe na uandikwe. Hesabu saa hizo wewe mwenyewe: saa ya kukamatwa ipo kwenye kitabu cha kituo, saa ya kuanza na kumaliza ipo kwenye maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikishwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Zikigongana, usimwachie utetezi agundue. Tazama pia alipelekwa lini kwa mlinzi wa amani, ofisa asiye polisi anayeruhusiwa kuandika ungamo, na kama alikaguliwa mwilini kabla ya kuandika. Mshtakiwa akilikana ungamo mahakamani, kutakuwa na kesi ndani ya kesi, ya kupima kwanza kama alilitoa kwa hiari, na hata likipokelewa, jaji anatakiwa atafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, au aridhike kabisa kwamba ni la kweli.

Hata kifo chenyewe lazima kithibitishwe. Uganda, Edmary Mpagi alihukumiwa kunyongwa mwaka 1982 kwa kumuua mtu ambaye baadaye alionekana akiwa hai. Hata baada ya hapo alibaki gerezani hadi mwaka 2000. Kwa hiyo katika ripoti ya uchunguzi wa maiti soma mstari ambao wengi huuruka: nani aliyeutambulisha mwili kwa daktari?

Sasa ndiyo nafika kwenye adhabu. Kwetu Tanzania, jaji akishamtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, adhabu ni moja: kunyongwa. Hawezi kutazama ugonjwa wa akili usiofikia kiwango cha utetezi, wala miaka ya kupigwa iliyotangulia, wala ile shaka ndogo iliyobaki moyoni mwake ambayo haikutosha kumwachia mtu. Waliowekwa kando ni mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa, na huko vijijini umri wenyewe mara nyingi hauna cheti. Kenya waliondoa ulazima huo kwa mauaji mwaka 2017 katika kesi ya Muruatetu, Uganda mwaka 2009 katika kesi ya Kigula. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapo hapo Arusha, ilisema tarehe 28 Novemba 2019 katika kesi ya Ally Rajabu kwamba ulazima wetu unavunja haki ya kuishi. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu yetu alikuwa ameshaitangaza adhabu ya kifo yenyewe kuwa kinyume cha Katiba mwaka 1994. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, kisha ikaibakiza kwa maelezo kwamba Katiba inaruhusu haki kuwekewa mipaka.

Tangu 1994 hatujanyonga mtu. Wengine hutumia hilo kusema adhabu haina madhara. Mimi naona kinyume chake: mtu anaamka miaka na miaka bila kujua kama saini ya Rais ya kuruhusu anyongwe itawekwa leo.

Wanaokutajia jicho kwa jicho, wasomee pia Kumbukumbu la Torati 17:6, inayokataza mtu kuuawa kwa kinywa cha shahidi mmoja. Sheria yetu ya Ushahidi haidai idadi yoyote ya mashahidi. Mmoja anatosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi, akiaminika. Ndiyo maana naipinga adhabu hii hata kwa muuaji halisi, kwani mlango anaopitishwa yeye ndio huo huo anaopitishwa asiye na hatia, na mimi sijaona mahakama duniani iliyoweza kuwatofautisha wawili hao kila mara.

Wewe umeapa kuitumikia sheria ilivyo, nami sikuambii uivunje. Lakini Mahakama ya Rufani itasoma kumbukumbu tu, haitamwona shahidi. Usilouliza kuhusu taa halitakuwepo. Uliza, hata kama jibu litaiangusha kesi yako, na jaji aliandike. Na ukiona jalada halisimami, mwandikie mkuu wako mapema kupendekeza kesi iondolewe, ueleze sababu kwa maandishi, ubaki na nakala.

Mama yako