Mfaransa akiwashwa mgongo

Mwanangu Zuhura,

Sisi wazima. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza, mimi na mama yako. Huyo mwenzako wa darasani anayesema Kiswahili ni lugha ya kuazima kwa Waarabu, wala usigombane naye. Muulize tu: Mfaransa akiwashwa mgongo anafanyaje?

Atakujibu gratter, yaani kukuna. Haya, neno hilo si la Kilatini. Ni la Wafranki, watu wa jamii ya Kijerumani walioiteka Galia, yaani Ufaransa ya kale, karne ya 5. Mjerumani wa leo husema kratzen, na ukitega sikio utajua ni ndugu. Mfalme wao Clovis alifariki Paris mwaka 511. Walitawala, wakaipa nchi jina lao, kisha lugha yao ikawatoka mdomoni: vitukuu vyao wakawa wanasema Kilatini cha mitaani kama raia wao. Kukuna kukabaki. Hebu fikiria, watu wamejikuna tangu enzi na enzi, bado wakachukua neno la mgeni! Ndiyo maana mtu akiniambia lugha huazima majina ya vitu isivyokuwa navyo tu, huwa namcheka.

Na likishaingia halikutulia. Gratin, kile chakula cha kuokwa mnachopakuliwa hapo kantini, imetokana nalo: zamani lilikuwa jina la kile kinachogandia chunguni mpaka kikwanguliwe, yaani ukoko, ule uliokuwa ukigombea na kaka yako. (Siku hizi Wafaransa huwaita matajiri na wakubwa wao le gratin. Ukoko wa jamii!) Ukipanda metro ya Lyon kwenda Villeurbanne utapita kituo cha Gratte-Ciel, wakuna mbingu, kwa ajili ya maghorofa yaliyojengwa pale miaka ya 1930. Waitalia wana grattare, nayo ni ya mgongo na ya jibini pia, sawasawa na sisi tunavyokuna kichwa tukakuna na nazi. Mbuzi yao ya kukunia huitwa grattugia. Mhispania ndiye aliyeng'ang'ania la Kilatini, rascar.

Kinachonifurahisha zaidi ni Kiesperanto, lugha ya kubuni aliyoitoa Zamenhof, daktari wa macho, kule Warsaw mwaka 1887. Humo kukuna ni grati. Ido, lugha nyingine ya kubuni iliyochipuka humo mwaka 1907, inasema gratar. Watunga lugha wana ruhusa ya kubuni sauti yoyote wanayotaka, nao wakaenda kuokota neno lililoletwa na wapiganaji wa Kifranki. Huyo mwenzako akikubishia, mwambie akueleze hilo.

Mama yako anauliza nazi za huko mnanunua nzima au za kopo. Kama ni nzima, ataifunga mbuzi ya nazi vizuri kwenye mzigo wa shangazi yako anayekuja Desemba, maana ile ina meno na hataki ikwaruze sanduku la watu.

Baba yako