Kuchoma vichwa vya udongo Jumamosi

Habari zenu wana-Sanaa mwaka wa pili. Tanuri linawashwa Jumamosi saa 12 asubuhi, nyuma ya karakana.

1. Kichwa kiwe kimekombwa ndani, unene usizidi sm 2, na kitobolewe chini hewa ipite. Kiguse kwa shavu: kikiwa cha baridi bado kina maji. Yakigeuka mvuke kitapasuka na kuvunja cha jirani. Hicho hakiingii, hata ukibembeleza.
2. Kuni: Sh 5,000 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi jioni.
3. Zamu ya kwanza, moto mdogo tu kwa saa 3. Msiwe na haraka.
4. Mnaokwenda mazoezi ya kufundisha, njooni na andalio la somo la ufinyanzi.

Tafadhali jibu hapa "NIPO" na idadi ya vichwa vyako kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, tupange rafu.