Valvu ya mafua si valvu ya usalama

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwaeleze wafasiri wako neno moja la Kiingereza, "snift". Likikutwa kwenye habari za mitambo ya mvuke ni rahisi kulibandika jina la "valvu ya usalama", na hapo msomaji anapotoshwa. Valvu ya usalama hutoa mvuke uliozidi ili boila lisipasuke. Valvu ya "snift" shughuli yake ni hewa.

Asili ya neno ni sauti ya pua yenye mafua. Ni ndugu wa "sniff", na Waswidi wana "snyfta", kulia kwa kwikwi. Mafundi walilipata kwenye injini ya Thomas Newcomen, iliyosimikwa mwaka 1712 karibu na Dudley, Uingereza, kutoa maji mgodini. Mwanafizikia John Theophilus Desaguliers alieleza katika karne hiyo hiyo kwamba valvu iliitwa hivyo kwa sababu hewa ikipita humo hulia kama mtu aliyeshikwa na mafua.

Injini ile ilihitaji kupenga kwa sababu hii: mvuke uliingia ndani ya silinda chini ya pistoni, kisha yakanyunyizwa maji baridi. Mvuke ukarudi kuwa maji, ndani pakabaki patupu, na kani ya hewa ya nje ikaisukuma pistoni chini. Lakini maji huja na hewa iliyoyeyuka ndani yake, na hewa haigeuki maji hata uipoze vipi. Kila pigo liliacha hewa kidogo, na mapigo yalikuwa kama 12 kwa dakika. Isipopata pa kutokea, utupu unapotea na pistoni inasimama. Dawa ilikuwa kifuniko kidogo upande wa chini wa silinda, kimekandamizwa kwa uzito wa madini ya risasi, na juu yake maji ya kuziba ili kisivute hewa ya nje. Mvuke mpya ulikiinua, hewa ikatoka pamoja na mvuke kidogo, pff, kikajifunga.

Kwenye garimoshi neno likageuka. Dereva akifunga mvuke huku garimoshi likiteremka, pistoni hugeuka pampu na kuvuta majivu ya moto kutoka kasha la moshi, lililo chini ya dohani, hadi kwenye silinda. Oili inaungua, chuma kinakwaruzika. Hapo valvu yenye jina lile lile hufunguka na kuingiza hewa safi. Kwenye injini za Nigel Gresley, mhandisi wa garimoshi wa Uingereza, ilionekana nyuma ya dohani. Kwa hiyo tafsiri ziwe mbili: "valvu ya kutoa hewa" kwa Newcomen, "valvu ya kuingiza hewa" kwa garimoshi.

Maana ile ya kwanza ndiyo inayotuhangaisha zaidi, maana bado inafanya kazi kwenye zahanati, kwenye chombo cha kuulia vijidudu kwa mvuke wa presha. Geji hupima presha tu, haijui kama ni ya mvuke au ya hewa. Kwenye usawa wa bahari, pauni 15 kwa inchi ya mraba hutoa nyuzi 121 za Selsiasi ikiwa hewa yote imetoka. Ikitoka nusu tu, mshale wa geji utasimama palepale kwenye 15 lakini joto litakuwa kama 112. Isipotoka kabisa, ni 100, yaani maji yanayochemka kwenye sufuria yoyote.

Basi valvu ya kutoa hewa iachwe wazi tangu moto unapowashwa. Mwanzo chombo hukohoa, kinatoa pumzi za vipande vipande; hiyo ni hewa iliyochanganyika na mvuke. Subiri mpaka mvuke utoke kwa nguvu bila kukatika, uuachie dakika 10 hivi, ndipo ufunge. Muda wa kuua vijidudu uanze kuhesabiwa mshale ukifika 15, si wakati wa kufunga. Vifaa visishindiliwe. Na mabakuli yasisimamishwe wima: hewa ni nzito kuliko mvuke, hutuama chini ya bakuli kama maji kwenye kisima, na mvuke unapita juu bila kuigusa. Yalazwe ubavu, hewa imwagike.

Mafundi boila,
Tanga