Kabla hujaviacha hivyo vidonge

Shoga yangu,

Sikuulizi hali, maana umeshanieleza yote. Tumbo limeanza kutulia, choo kimepungua, lakini kila ukimeza dawa roho inakuchafuka, mate yanakujaa mdomoni, na jana ulishinda na beseni pembeni ukisema afadhali kuhara kuliko hiki kigegezi. Kisha ukamalizia kwa sentensi moja kavu: kesho naviacha. Ndiyo iliyonifanya nikuandikie leo leo.

Mimi pia niliwahi kuandikiwa hizo hizo antibiotiki mbili kwa ajili ya maambukizi ya utumbo, metronidazoli, ambayo wengi tunaiita Flagyl, pamoja na siprofloksasini. Kwa hiyo ile ladha unayoilalamikia, kama umelamba sarafu, naijua vizuri. Hiyo inatoka kwenye metronidazoli, na mswaki hauiondoi. Haimaanishi kwamba mwili umeikataa dawa. Dozi ikiisha nayo huenda zake. Mkojo pia unaweza kugeuka rangi, ukawa mwekundu wa kahawia, usije ukashtuka ukadhani unakojoa damu. Ila macho yakiwa ya manjano, hilo ni jambo jingine na ni la kwenda kuonana na daktari.

Kinachochosha ni kwamba kichefuchefu hiki hakina mzizi mmoja. Utumbo wenyewe bado unaumwa. Kidonge kikifika kinakera tumbo. Halafu dawa ikishaingia kwenye damu inaweza kuigusa ile sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika. Ndiyo maana unaweza kula vizuri kabla ya kumeza na bado ukajisikia vibaya. Chakula kinasaidia upande mmoja tu. Lakini huo upande mmoja si haba: metronidazoli ya kawaida, ya kumeza mara tatu kwa siku, imeze katikati ya chakula au mara tu unapomaliza kula, na glasi nzima ya maji. Usiimeze tumbo likiwa tupu kwa sababu ya kukimbizana na saa.

Sasa kuna jambo umelitaja juujuu nami likanishtua. Umesema unavisindikiza vidonge na maziwa baridi ili kuua ladha. Kwa metronidazoli hakuna neno. Kwa siprofloksasini, mwenzangu, usifanye hivyo. Madini ya kalisi yaliyomo kwenye maziwa na mtindi yanaishika dawa humo humo tumboni, na sehemu yake inapita na kutoka bila kuingia kwenye damu. Yaani unabaki na kigegezi chote huku tiba hukuipata kamili. Vidonge vya kutafuna vya kiungulia, vile vyenye magnesiamu au alumini, vinafanya hivyo hivyo, na vidonge vya chuma na zinki navyo. Ukihitaji chochote kati ya hivyo, siprofloksasini itangulie kwa saa 2, au uisubiri mpaka zipite saa 6 tangu ulipokitumia. Chakula kilichotiwa maziwa kidogo ndani ya mlo kamili hakina shida. Kinachokatazwa ni kuisindikiza dawa na maziwa au mtindi peke yake.

Kuhusu kula, mimi niliacha kabisa kulazimisha sahani. Nilikuwa nakula kidogo kidogo, vitu vikavu visivyo na mafuta, mkate mkavu, wali mweupe, kiazi cha kuchemsha, tena vikiwa vimepoa, kwa sababu chakula cha moto kinatoa harufu na harufu ndiyo iliyokuwa inanimaliza. Kama kuna mtu wa kukupikia, mwache apike nawe ukae mbali na jiko. Ukishakula usijilaze chali. Kaa, au egemea mito. Tangawizi jaribu ukiipenda, imechunguzwa zaidi kwa kichefuchefu cha wajawazito lakini mimi ilinituliza.

Maji ndiyo ya kuyasimamia kuliko chakula. Usiyapige glasi kwa mkupuo, yatarudi. Kunywa funda dogo, pumzika, funda jingine. Ukitapika, ngoja kama dakika 10 ndipo uanze tena polepole. Na kwa kuwa bado unaharisha, maji matupu hayatoshi. Tumia pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini, na kama huna, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visirundikwe, hasa cha chumvi.

Umeniuliza ukitapika baada ya kumeza ufanyeje, urudie au uache. Inategemea umetapika muda gani baadaye, na kama kidonge chenyewe umekiona kimetoka. Mpigie mfamasia umwambie hayo mawili, atakujibu papo hapo. La kutofanya ni kumeza viwili kwa pamoja saa ya dozi inayofuata eti unafidia.

Dawa za kuzuia kutapika zipo, tena ni haki yako kuziomba. Lakini zitoke kwa daktari anayejua unameza nini. Usichukue kidonge cha jirani aliyebakiwa nacho. Ondansetroni, kwa mfano, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na siprofloksasini nayo ina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo kuzichanganya ni uamuzi wa mtu aliyesomea. Za kufunga kuhara nazo usijinunulie, hasa kama kuna homa au damu kwenye choo. Pombe najua huna habari nayo, ila angalia dawa za kikohozi na za kusukutua mdomo, nyingine zimetiwa alkoholi, na metronidazoli haitakiwi kukutana nayo mpaka zipite siku 3 baada ya kidonge cha mwisho.

Turudi kwenye kuviacha. Sikuzuii kwa ukali, nakuzuia kwa hesabu. Ukiacha kimya kimya na maambukizi yakarudi, utaanza tena kigegezi hiki kutoka kidonge cha kwanza. Ukimpigia aliyekuandikia, ana njia ambazo wewe huna: anaweza kubadilisha dawa, kupanga upya saa za kumeza, kukupa ya kuzuia kutapika, au hata kukuambia inatosha. Mwambie kidonge gani kinakusumbua, baada ya muda gani, umetapika mara ngapi, na kama unakojoa kama kawaida.

Kuna mambo ya kutosubiri simu. Ikiwa hata maji hayakai, kizunguzungu unaposimama, mkojo umekuwa haba, choo kina damu, au homa inapanda, nenda hospitali. Vipele na uso kuvimba au kupumua kwa shida, nenda mbio. Ganzi au mchomo kwenye vidole vya mikono na miguu, au maumivu ya ghafla nyuma ya kisigino, usimeze dozi nyingine kabla hujasema na daktari. Na hata ukishamaliza, kuhara kukianza upya wiki chache baadaye usikudharau, maana kuna bakteria anayeitwa Clostridioides difficile ambaye hujipenyeza utumbo ukiwa umefagiliwa na dawa. Huyo hafi kwa vitakasa mikono, nawa kwa sabuni na maji.

Basi leo, kabla ya kidonge cha jioni, piga hiyo simu. Anza na ile habari ya maziwa, na muulize kama unaweza kuzitenganisha hizo dawa mbili zisikuangukie kwa wakati mmoja. Halafu niandikie alichokujibu, hata kama ni mistari miwili na beseni likiwa karibu.

Mimi mwenzio