Sili mpya haitibu presi inayovuja

Ndugu Mhariri,

Aliyewahi kuingia katika jengo la kufungia marobota la kiwanda cha mkonge, iwe Korogwe, Muheza au Kilosa, huenda ameliona pipa la mafuta ya haidroliki lililosimama kando ya presi (mashine inayogandamiza singa, yaani nyuzi za mkonge, kuwa marobota), na karibu nalo mfanyakazi anayejaza tangi kila asubuhi kabla ya zamu kuanza, kana kwamba kujaza huko ni sehemu ya kazi kama kufagia. Kwa miaka mingi niliyofanya ufundi wa mitambo mkoani Tanga nami nilikuwa mmoja wa watu hao. Ndiyo maana naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwakumbushe wenye viwanda kwamba mfumo wa haidroliki, yaani ule unaosukuma kwa mafuta yenye shinikizo, umefungwa, nao hauli mafuta kama injini iliyochoka. Mafuta yakipungua, yamekwenda mahali.

Matone hudharauliwa. Tone moja kwa kila sekunde, tukikadiria matone 20 katika mililita moja, ni lita 4 na ushei kwa saa 24, hivyo pipa la lita 200 huisha kwa siku 46 hivi ikiwa mashine haizimwi, au kwa miezi mitatu ikiwa inafanya kazi saa 12 kwa siku. Hapo bado hujahesabu singa zilizolowa mafuta na kushushwa daraja, wala sakafu ambayo mafuta yamechanganyika na vumbi la mkonge yakingoja cheche ya mchomeleaji.

Kosa linaloanza ni la macho. Fundi huona mafuta chini ya nati, akachukua spana na kuikaza, ilhali mafuta hutambaa: hufuata bomba, hushuka na fremu, yakadondoka hata mita mbili kutoka yanakovujia. Njia niliyofundishwa na wazee wa kazi, na sijapata iliyo bora kuliko hiyo, ni kuifuta mashine mpaka ikauke, kupaka poda nyeupe kwenye maungio, kisha kuiendesha kwa muda mfupi na kutazama poda inalowa wapi kwanza. Nasema kutazama, si kupapasa. Mafuta yaliyo katika shinikizo la baa 200 hivi, ambalo ni zaidi ya mara 80 ya upepo wa tairi la gari dogo, yakipata tobo la ukubwa wa ncha ya sindano hurusha uzi usioonekana unaoweza kupenya glavu na ngozi. Jeraha lake huonekana kama doa tu na mwanzoni huenda lisiume sana, lakini majeruhi asipofikishwa mara moja kwa daktari wa upasuaji anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Kipande cha boksi kilichofungwa kwenye fimbo ndefu kinatosha kumwonyesha fundi anachokitafuta.

Mwaka mmoja, katika kiwanda ambacho sitakitaja, tulibadilisha sili (pete zinazozuia mafuta yasivuje) za shingo ya silinda mara tatu ndani ya miezi mitano. Tulimlaumu muuza vipuri, na kusema kweli vipuri bandia havikosekani madukani, lakini sili ya tatu ilipotolewa niliitazama badala ya kuitupa. Ilikuwa imelika upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa kama mpya. Sili iliyoungua kwa joto huwa ngumu na kupasuka pande zote, na iliyoharibiwa na shafti (fimbo inayotoka na kuingia kwenye silinda) yenye mikwaruzo huwa na mistari. Hii ilikuwa ikituambia kwamba shafti haiendi wima. Tulipopima bushi, pete ya chuma inayoiongoza shafti, tukaikuta nayo imelika upande ule ule. Chanzo hakikuwa kwenye silinda hata kidogo. Wapakiaji walikuwa wakijazia sanduku upande ulio karibu na mlango, kwa sababu ndiko singa zilikoletwa, kwa hiyo kila robota la kilo 250 lilipogandamizwa bamba la presi lilisukumwa kando na shafti ikaegemea bushi. Tuliweka bushi mpya, wapakiaji wakaelekezwa kusambaza singa sawasawa, na sili ya nne ikakaa zaidi ya mwaka. Ankara za vipuri zisingemwonyesha mhasibu jambo hilo.

Lipo pia suala la valvu ya usalama, ile inayoachia mafuta shinikizo likizidi. Robota likitoka legelege, msimamizi huagiza valvu hiyo ikazwe ili presi ipate nguvu zaidi, na baada ya siku chache kila ungio huanza kutoa jasho. Mara nyingi ulegevu huo wenyewe ni dalili ya uvujaji wa ndani: sili ya pistoni imechoka, na mafuta yanapenya kwenda upande wa pili wa pistoni bila tone kuonekana sakafuni. Kuongeza shinikizo hapo ni kuongeza joto, na mafuta yakizidi nyuzi 80 za Selsiasi sili hukakamaa na uvujaji wa nje hufuata. (Utepe mweupe ambao mafundi bomba huuzungushia maungio yasivuje nao ubaki kwa mafundi bomba, vipande vyake hukatika na kwenda kukwama ndani ya valvu.)

Ombi langu kwa mameneja ni daftari moja la shilingi chache, litundikwe kando ya presi, ambamo kila lita inayoongezwa itaandikwa pamoja na tarehe, na kila sili inayotolewa ihifadhiwe stoo ikiwa na kibandiko cha mahali ilipotoka. Presi ya mwisho niliyoihudumia kabla ya kustaafu ilikuwa na daftari la namna hiyo. Wiki ambayo lita zilipanda kutoka 1 hadi 6 tulitafuta, tukaukuta mpira mmoja wa kupitishia mafuta uliokuwa ukisuguana na fremu umelika mpaka kwenye waya, nasi tukaubadilisha Jumapili, presi ikiwa imepumzika.

Fundi mitambo mstaafu,
Muheza, Tanga.