Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: mama aliyevunjika nyonga asiruhusiwe hivihivi

Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

Shikamoo Daktari.

Nakuandikia kutoka Mbeya, ninakofanya kazi ya fiziotherapia. Wengi ninaowasaidia kutembea upya ni kina mama waliokwisha koma hedhi, waliovunjika nyonga au kifundo cha mkono kwa kuanguka tu. Mmoja kateleza kwenye tope la mteremko kule Rungwe akitoka kukata ndizi, mwingine kajikwaa kizingitini usiku. Hakuna pikipiki iliyowagonga. Mfupa imara hauvunjiki kirahisi mtu anapoanguka kutoka kimo chake mwenyewe. Ukivunjika hivyo katika umri huo, tuushuku mfupa wenyewe kuwa mgonjwa, na ugonjwa huo una tiba.

Ninachokuomba ni kwamba mgonjwa wa miaka 50 na zaidi aliyevunjika namna hiyo asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla mifupa yake haijashughulikiwa. Leo tunatibu pale palipovunjika. Anawekewa chuma, au anafungiwa uzito mguuni, anapewa dawa za maumivu, anakuja kwangu kwa mazoezi, basi. Kwenye faili wameandika "ameanguka". Kisha naletewa mama yuleyule, safari hii kavunjika upande wa pili, na familia inaniambia ni uzee.

Unayajua haya kuliko mimi, Daktari, ila barua hii inasomwa pia na wenye mama zao. Mfupa hubomolewa na kujengwa maisha yote. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka na ubomoaji huushinda ujenzi. Fuller Albright alilieleza hilo kule Boston tangu 1940. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaweka mpaka wa osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua uimara, kwa kutumia kipimo cha DEXA, picha ya kupima uzito wa mifupa, ambacho mionzi yake ni midogo hata kuliko ya picha ya kifua. Katika kazi yangu sijawahi kupokea mgonjwa aliyekuja na jibu la kipimo hicho.

Kuhusu dawa, naomba nikae kidogo kwenye kazi ya Dennis Black wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kwa sababu maswali yake ndiyo maswali ya wodini kwetu. Mwaka 1996 yeye na wenzake walitoa matokeo ya wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili za mgongo zilizovunjika. Kwa miaka mitatu hivi, waliomeza vidonge visivyo na dawa walipata mivunjiko mipya ya pingili kwa asilimia 15, na waliomeza alendronate, dawa ya kuzuia ubomoaji wa mfupa, kwa asilimia 8. Mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa nusu. Mwaka 2007 akaongoza jaribio la dripu ya asidi ya zoledroniki, inayowekwa kwa dakika 15 mara moja kwa mwaka: baada ya miaka mitatu, mivunjiko ya pingili ilikuwa asilimia 3.3, dhidi ya 10.9 kwa wasioipata. Mara moja kwa mwaka! Kwa mama wa Makete anayetegemea basi, hilo ni jambo kubwa kuliko kidonge cha kila wiki kinachotaka tumbo tupu na kukaa wima nusu saa. Mwaka huohuo jaribio jingine liliwapa dripu hiyo watu waliotoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, ndani ya siku 90. Vifo vilikuwa asilimia 9.6, na kwa wasioipata 13.3.

Dawa hizi zina madhara, na figo lazima zipimwe kabla ya dripu. Zikitumika miaka mingi, mara chache sana mfupa wa paja huweza kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida. Black mwenyewe aliliandikia hilo mwaka 2020, akaonyesha kwamba mivunjiko inayozuiwa ni mingi mno kuliko inayosababishwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi hapa Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa VVU wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kitaifa ni 4.4. ARV zimewaokoa watu hawa, na sasa wanazeeka. Nafurahi sana kuwaona wakizeeka. Lakini tenofovir iliyomo kwenye kidonge chao cha kila siku hupunguza uzito wa mifupa, hasa mwaka wa kwanza na wa pili, na VVU vyenyewe huchangia. Mama wa CTC, kliniki ya matibabu ya VVU, anayefikia ukomo wa hedhi amebeba mizigo yote hiyo kwa pamoja. Asiache dawa hata siku moja! Aulizwe tu kama amewahi kuvunjika, na apimwe urefu: aliyepungua sentimita nne au zaidi tangu ujana wake huenda ana pingili zilizobonyea bila yeye kujua. Rula ya ukutani inatosha kwa hilo. Hata kwenye dirisha la wazee, ambako tumeandika "mzee kwanza", ingetundikwa.

Wanawake wengi wa majaribio niliyoyataja hawakuwa Waafrika, kwa hiyo tunahitaji hesabu zetu. Zimbabwe na Gambia watafiti wameshaanza kuhesabu mivunjiko ya nyonga. Mbeya tuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, chenye uzoefu mrefu wa kufuatilia wagonjwa wa VVU na kifua kikuu kwa miaka. Mashine ya DEXA ikiwekwa karibu nao, itahudumia wagonjwa na utafiti kwa pamoja. Mashine inaweza kusubiri bajeti. Dawa haziwezi kusubiri, kwa sababu aliyekwisha vunjika nyonga kwa kuanguka tu anaweza kuanzishiwa tiba bila kipimo hicho.

Naomba basi waraka wako kwa waganga wakuu wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini: rejesta iwe na safu ya chanzo cha mvunjiko, alendronate na zoledroniki zifike hospitali za mikoa, na CTC ziwaulize kina mama kuhusu mifupa. Niko tayari kukaa na wataalamu wako kuandaa safu hiyo ya rejesta, hapa Mbeya au huko Dodoma.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtaalamu wa fiziotherapia,
Mbeya.